Jina la Shosho, Mikahawa ya Valencia

Juzi jirani zetu kule Smithfield, Sydney, waliunguza kahawa. Ofisi ninayofanyia kazi iko kati ya bohari la matairi na karakana ndogo ya vijana wanaokaanga kahawa, na siku zote harufu yao ni nzuri, hata dereva wa lori anayekuja kuchukua mizigo husimama kidogo mlangoni aivute. Juzi kijana mmoja alisahau tanuri. Moshi ukaingia kwetu, mchungu na mtamu kwa pamoja, kama sukari iliyogandia chini ya sufuria. Wenzangu wakaziba pua. Mimi nikashika ukingo wa meza, na papo hapo nilikuwa na miaka tisa tena, nimeketi juu ya kiti kirefu katika baa moja kuukuu ya Valencia, Uhispania, miguu haifiki chini, na mama yangu anamkodolea mhudumu macho na kusema kwa Kiswahili, "Haki ya Mungu, wameikaanga na sukari! Hawa watu walilelewa na nani?"

Ili mnielewe, lazima niwaambie kwanza mimi ni nani, na hilo si jambo jepesi. Mimi ni Nyawira, binti wa pili. Kwetu Kirinyaga binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, wa pili hupewa jina la mama yake mama, na ukishapewa jina la mtu, basi wewe ndiye. Dada yangu Wairimu alikuwa mama yake Baba. Mimi nilikuwa mama yake Mama. Mama aliniita Maitu, yaani mama kwa Kikuyu, tangu nikiwa mtoto wa kufungwa nepi. Ndugu zake wakipiga simu kutoka Kenya walitaka wapewe mama yao: "Maitu, leo umetupikia nini?" "Maitu, kijana wako anataka kuoa, unampa ruhusa?" Nami nilijibu ndiyo kwa kila kitu, maana ukijibu ndiyo watu wanacheka, wanakusifu, na mgeni akija kutoka nyumbani anakuletea kitu.

Mama ndiye aliyekuwa askari wa sheria hiyo. Baba akitaka kutazama mpira nami nataka katuni, Mama alimwambia, "Mama mkwe wako amesema katuni." Na mwanamume wa Kikuyu hacheki na mama mkwe wake. Baba, mtu mzima, fundi wa umeme mwenye masharubu, aliniwekea rimoti mbele yangu kwa mikono miwili na kuondoka kichwa kikiwa chini. Wee! Niambie ni mtoto gani ambaye hangependa mchezo kama huo. Nilidhani ni mchezo kweli, na nilidhani kanuni yake ni moja tu: jibu ni ndiyo.

Shosho mwenyewe, yaani bibi yangu mzaa mama, yule wa kweli, alifariki nikiwa mdogo sana. Ninachokumbuka ni Mama ameketi ndani ya beseni la bafu katika fleti yetu ya Lidcombe, amevaa sare ya kazi, beseni kavu, simu magotini. Ndani ya simu kulikuwa na upepo, na mbali watu walikuwa wakiimba. Nilidhani anasikiliza redio ya Kenya. Nikamuuliza mbona asiende kukaa sebuleni kwenye kiti. Akasema, "Hapa kuna utulivu, Maitu," na treni ikapita chini ya dirisha, akaiinamia simu kama mtu anayekinga mshumaa. Miaka ilipita kabla Wairimu hajaninong'oneza kitandani kwamba yale yalikuwa mazishi, kwamba binamu yake Mama alishika simu pale kaburini tangu sala ya kwanza mpaka udongo wa mwisho. Karatasi zetu za kuishi Australia zilikuwa bado zinaamuliwa. Ukitoka wakati huo, hurudi. Nyinyi mliokulia huku mnazijua hizo hesabu, mlizinyonya na maziwa.

Mama hakulia. Nasema hivi kwa sababu mimi na Wairimu tulingoja alie, na hakulia. Alichofanya ni kukasirika, na hasira yake ilikuwa na jina: Gachoki. Huyo ni mdogo wake, kitinda mimba wa Shosho, aliyekwenda Uhispania kutafuta kazi za hotelini. Shosho alipougua alimwita yeye tu, akamwita mpaka sauti ikakatika. Gachoki hakuja. Simu hakushika, kisha namba ikafa kabisa. "Mtoto aliyenyonya mwisho!" Mama alikuwa akisema huku akikatakata sukuma wiki. "Aliyebebwa mgongoni mpaka miguu inaburura! Huyo ndiye wa kumwacha mama azikwe na majirani?" Sisi tuliendelea kula. Kila nyumba ina mtu wake wa kusemwa, na wetu alikuwa Mjomba Gachoki.

Basi tulipopata pasipoti, kanisa zima lilijua Mama, Njeri wao, sasa atapanda ndege ya Nairobi akasimame kwenye kaburi la mama yake. Mama akanunua tiketi za Valencia. Mbili, yake na yangu. Baba akauliza huko Valencia kuna nini. "Kahawa," Mama akasema. Kumbe mwanamke mmoja wa kwaya, aliyekuwa ametembea Uhispania na mumewe, alikuwa amemwona Gachoki. Alimwona ndani ya mkahawa, mkahawa mzuri sana wa kisasa, kahawa yake ya ajabu. Jina la mkahawa? Hakulijua. Mtaa? Alikumbuka kulikuwa na miti ya machungwa. Ati miti ya machungwa, Valencia! Ni kama kumtafuta mtu Sydney kwa kuambiwa anaishi karibu na maji.

Mimi sikuambiwa lolote la mjomba. Niliambiwa tunakwenda likizo kutafuta mikahawa mizuri. Na kwa nini mimi na si Wairimu? Hilo nimelielewa nikiwa mkubwa. Mama alitaka Gachoki asimamishwe mbele ya mama yake. Alitaka ajieleze huku akinitazama usoni.

Valencia ilinipendeza kupita kiasi. Watu wa kule walikuwa wameuhamisha mto wao na kupanda bustani kwenye mkondo wake, jambo lililomsumbua Mama kweli kweli. Alisimama darajani, akatazama chini palipokuwa na watoto na baiskeli, akasema, "Mtu anahamisha mto? Ukirudi je?" Machungwa yalikuwa yamejaa barabarani wala hakuna aliyeyachuma. Nikachuma moja nikaling'ata, chungu kama dawa ya malaria, na mzee mmoja aliyekuwa ameketi nje ya duka akacheka mpaka akakohoa. Mchana wanafunga maduka wanalala. Mama, ambaye hakuwa amelala mchana tangu aingie Australia, alizunguka katika jua lile na viatu vyake vya kazini, vile vyeupe vya nyumba ya kutunzia wazee, akichungulia vioo vya mikahawa iliyofungwa.

Na mikahawa tuliingia, jamani. Kulikuwa na baa za zamani zenye vigae ukutani, ambako kahawa ilinuka ile sukari iliyoungua. Kulikuwa na pahali ambapo walimimina maziwa mazito matamu chini ya glasi, kahawa juu, vimetengana kabisa, mpaka ukoroge mwenyewe. Kulikuwa na vijana wenye ndevu waliopima kahawa kwa mizani kama dhahabu. Mimi nilikuwa jaji. Nilionja keki na chokoleti ya moto, nikatoa alama kwa sauti, na nikashangaa kwamba Mama hakubishana nami. Yeye aliagiza kahawa, akainywa yote, na hakuiangalia hata mara moja. Aliangalia mikono ya watu nyuma ya kaunta.

Sasa hapa ndipo nilipoanza kuogopa. Katika kila mkahawa Mama aliuliza choo kiko wapi, akaenda, akakawia. Mikono yake ilitetemeka. Usiku nilimsikia anageukageuka. Nilikuwa nimesikia kanisani juu ya mama mmoja aliyeanza hivyo hivyo, kwenda chooni kila saa, na kabla ya Pasaka tukaimba kwenye mazishi yake. Nikaamua: Mama ni mgonjwa, amenileta mahali pazuri aniage. Nikaomba Mungu chini ya shuka, nikamwahidi nitajifunza kuosha vyombo. Kumbe Mama alipita njia ya choo ili achungulie jikoni wanakooshea vikombe. Kumbe mikono ilitetemeka kwa kahawa. Mama yangu, binti wa wakulima wa kahawa, hakuwa mnywaji wa kahawa. Kwao walichuma kahawa, wakaipeleka kiwandani, wakarudi nyumbani wakanywa chai. Alikunywa kule Valencia kwa sababu huwezi kukaa kwenye meza ya mtu bila kuagiza kitu.

Tulimpata asubuhi moja katika mkahawa mdogo wenye mlango wa kijani. Niseme ukweli, mimi ndiye niliyempata, au yeye ndiye aliyenipata. Baba alikuwa amepiga simu, na Mama akatoka nje kuongea naye. Alipofika mlangoni akageuka: "Nyawira, usitoke hapo!"

Mwanamume aliyekuwa akitoka jikoni na kreti la glasi alisimama. Alikuwa mwembamba, aproni yake imelowa tumboni. Akaniuliza kwa Kiswahili, polepole, kama mtu ambaye hajakitumia siku nyingi, "Mtoto, wewe unaitwa Nyawira?"

Nikajibu kwa Kiingereza kwamba ndiyo.

"Nyawira wa nani?"

Nikanyoosha kidole dirishani. Mama alikuwa ametupa mgongo, ameziba sikio moja. Yule mtu akamtazama muda mrefu. Sasa, mngedhani atatoka mbio amkumbatie. Hakutoka. Aliweka kreti sakafuni, akarudi ndani, akaja na kikombe cha chokoleti nzito ambayo kijiko kingeweza kusimama ndani yake, na mkate mrefu laini uliopakwa sukari. Akaviweka mbele yangu. Kisha akapiga magoti. Watu wa meza ya pili walidhani anafunga kamba za viatu.

"Maitu," akasema.

Nilifurahi sana! Hatimaye nilikuwa nimempata mtu Uhispania anayejua mchezo wangu.

"Maitu, mimi ni Gachoki wako. Uliniita sikuja. Hata kukuzika sikuja. Sikuwa na karatasi, sikuwa na kitu mkononi cha kukuletea, nikaona haya, na haya ikaniziba mdomo hata kwenye simu. Unaweza kunisamehe?"

Mkate ulikuwa mdomoni. Nikaumeza. Jibu nililijua, maana halikuwahi kubadilika. "Sawa," nikamwambia, na hili nililisema kwa Kiswahili, kwa heshima ya chokoleti. "Nimekusamehe." Halafu, kwa kuwa wakubwa husema hivyo, nikaongeza, "Usirudie tena."

Alicheka na kulia kwa wakati mmoja, paji la uso wake juu ya kiatu changu. Hapo ndipo Mama alipoingia.

"Gachoki."

Hakuinuka. "Mama Wairimu, Maitu amenisamehe."

"Nani?"

"Maitu. Si yuko hapa? Muulize."

Mama akanigeukia. "Umesema nini?"

Nikamweleza kwamba aliomba vizuri. Uso wa Mama wakati ule sitausahau. Alikuwa ameyabeba maneno yake kutoka Lidcombe, amevuka nayo dunia nzima, ameyanywea kahawa zote zile, na amefika akakuta kesi imeshafungwa na mtoto mwenye chokoleti puani. Na hakuweza kuifungua tena. Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha kwamba Maitu akisema, amesema.

Akaketi. Wakaongea Kikuyu, lugha ambayo mimi sikupewa, yeye sauti juu, Mjomba macho chini. Nilielewa majina tu. Halafu Mjomba akainua kichwa, na swali lake akaliuliza kwa Kiswahili, labda alitaka nami nisikie.

"Na wewe, Mama Wairimu? Wewe ulimzika ukiwa wapi?"

Mama akakisogeza kikombe chake mezani. Mashine ya kahawa ikapiga mluzi. Mimi nikaona ni swali rahisi, na nikasikitika kwamba Mama amesahau jibu, nikamsaidia.

"Bafuni," nikasema. "Kwenye simu."

Mjomba aliniangalia, akamwangalia dada yake. Mama alikuwa anatazama mikono yake mezani. "Karatasi," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua. "Hata mimi zilikuwa karatasi." Mjomba akauliza mbona hakumwambia. "Ningekuambia kwa simu ipi?" Waliketi pale, watu wazima wawili waliofanya kosa moja, na ni mmoja tu aliyekuwa amesamehewa.

Baada ya hapo tulikaa siku kadhaa, na Mjomba akatutembeza kwenye mikahawa anayoiheshimu yeye. Lakini kahawa ninayoikumbuka aliipika palepale kwake, wateja walipopungua. Alileta pakiti, akamwonyesha Mama jina la kiwanda. Mama akalisoma, akalisoma tena. Kilikuwa kiwanda cha kule kwao, kile cha bondeni, alikokuwa akipeleka kahawa na gunia kichwani kabla ya kwenda shule. Mjomba akamimina maji kwa birika lenye mdomo mrefu, kidogo kidogo, akizungusha. Kahawa ikatoka nyepesi, nyekundu. "Hiyo si ni chai?" Mama akasema. Akaonja.

"Uongo," akasema.

"Ndiyo yenyewe."

"Hii ina uchachu kama matunda damu. Kahawa yetu haikuwa hivi."

"Sisi tuliijuaje? Tuliwahi kuionja?"

Mama akaweka kikombe chini. Alikitazama kama kimemtukana. "Mama yetu amechuma hii mpaka vidole vikapinda," akasema. "Amekufa hajui ladha yake. Na mimi nimekuja kuinywa huku, nimekaa kwenye kiti." Hakuimaliza. Mjomba aliimwaga mwenyewe, polepole, na akakiosha kikombe hicho kwa mkono.

Usiku ule hotelini Mama alinivua viatu, kisha akaniketisha kitandani. Nilijua nina kesi. Hakunipiga, na hakupaza sauti. "Msamaha si peremende, Nyawira," akasema, na kusikia jina langu la shule chumbani kuliniogopesha. "Huyo ni mtu aliyeacha mama yake akifa akimwita. Wewe umempa kwa kikombe cha chokoleti. Ulijua unampa nini? Jina hili ulilopewa ni zito. Usiliachilie tena ovyo, umenisikia?" Nikasema nimesikia. Nikalala nikiwa nimejaa aibu, nimeuza kitu cha Shosho, na nikaapa kwamba safari ijayo sitadanganyika.

Safari ijayo haikukawia. Tulirudi Lidcombe. Jumapili moja, baada ya kanisa, Baba na Wairimu wakiwa dukani, Mama aliipika ile kahawa ya kwao ambayo Mjomba alitufungia. Alikuwa tayari amevaa sare, zamu yake ilianza alasiri. Alinimiminia na mimi, kikombe cha watu wazima, akaweka maziwa, na akaketi mbele yangu. Alikilainisha kitambaa cha meza kwa kiganja. Akakilainisha tena.

"Maitu," akasema.

Nikamtazama.

"Maitu, hata mimi sikuja."

Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Mimi nilikuwa na miaka tisa na kovu bichi. Niliona kikombe mbele yangu, kitu kitamu, na mtu mzima anayeniita kwa jina lile, na nikasema moyoni, aha! Ananipima. Anataka aone kama nilisikia. Nikasukuma kikombe kando. Nikakaa wima kama mtoto mwema na kumjibu kwa Kiingereza, maana Kiingereza kilikuwa lugha ya kusema ukweli kwa walimu, kwamba mimi si Shosho. Mimi ni Nyawira tu.

Nilingoja anisifu.

Mama alitikisa kichwa taratibu, juu na chini. "Ni kweli," akasema. "Wewe ni Nyawira." Alitabasamu hata. Akainywa kahawa yangu akiwa amesimama, akaosha vikombe vyote viwili, akachukua mkoba wake akaenda kuwaogesha wazee wa watu. Nilimtazama kutoka dirishani akivuka kwenda stesheni, nikajiona nimefaulu mtihani. Mungu anisamehe. Nilijiona nimefaulu!

Hakuniita Maitu tena. Sikugundua mara moja. Watoto hawagundui kitu kilichoacha kutokea. Niligundua siku Baba alipobadilisha chaneli na hakuna aliyemkataza.

Mjomba alipata karatasi zake, akaenda nyumbani, akasimama kaburini, akapanda maua. Alitutumia picha. Mama hakwenda. Mwaka ule hakwenda kwa sababu ya zamu, mwaka mwingine karo ya Wairimu, mwingine tulikuwa tunahamia nyumba yetu ya Campbelltown, mwingine goti. Sababu zake zote zilikuwa za kweli, ndiyo maana sikuziuliza. Sisi watoto wa huku tumezoea wazazi wasio na nafasi. Nikakua, nikapata kazi, nikajifunza kunywa kahawa bila maziwa na kuringa nayo.

Basi siku walipounguza kahawa, nilitoka nje nikampigia Mjomba nimchekeshe. Alicheka kweli. Tukacheka habari za baa za zamani na za mto uliohamishwa. Kisha nikamuuliza, kwa mzaha tu, mbona hajamvuta dada yake aende Kenya. Akaacha kucheka. "Wewe hujui?" akasema. "Kila mwaka ninamwomba. Ananiambia, wewe ulisamehewa, mimi niliomba nikakataliwa. Nitasimamaje pale?"

Sikurudi ofisini. Nilichukua gari, na njia yote nilikuwa nikimtukana yule mtoto wa miaka tisa, kisha nikimtetea, kisha nikimtukana tena. Najua alikuwa mtoto. Nyote mngeniambia alikuwa mtoto. Lakini Mama ana nywele nyeupe sasa, na miaka aliyozuiwa mlangoni haikuwa ya kitoto.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anaanika sare. Sikusalimia hata. Nikasema, "Mama, siku ile ya kahawa kule Lidcombe. Nilidhani unanipima. Nimekusamehe. Nilipaswa kusema siku ile ile. Nimekusamehe."

Aliendelea kubana nguo kwenye kamba. "Nani anasema?"

"Mimi."

"Wewe Nyawira huna la kunisamehe. Wewe nilikulea vizuri."

Nikakaza roho. "Si mimi Nyawira. Mimi Maitu."

Mkono wake ukabaki juu ya kamba. Jirani alikuwa anakata nyasi upande wa pili wa ua, akazima mashine yake.

"Maitu hakujua Kiswahili," Mama akasema.

Na mimi Kikuyu sikujua, alijua sijui. Nilisimama pale na mikono mitupu. Ndipo akanigeukia na kuanza kunifundisha neno lenyewe la kusamehe, kwa Kikuyu. Akalikatakata vipande vidogo, kama alivyonikatia nyama nilipokuwa mdogo, na mimi nikavifuata kimoja kimoja. "Si hivyo, unasema kama Mzungu. Vuta hapo mwisho. Rudia." Nikarudia. "Hapana. Yeye alikuwa anashusha sauti. Shusha." Alinisahihisha bila huruma, kwa sababu neno hilo alikuwa amelisikia kichwani mwake kwa sauti ya mtu mmoja tu, na hakutaka lipungue hata kidogo. Nikashusha sauti. Nikalivuta mwisho. Nikalisema lote.

"Ee, Maitu," Mama akaitika.

Akakaa chini kwenye nyasi, sare iliyolowa ikiwa bado mkononi, na akaanza kumlilia mama yake.